Nasaba ya Bibi Salme

Mji wa Dar es Salaam, ambao leo umeimeza Kawe na vijiji vingi vya pwani, ulianzishwa na Sayyid Majid katika miaka ya 1860. Mama yake alikuwa suria, Mcherkesi wa milima ya Kaukazi. Ndivyo alivyokuwa pia Jilfidan, mama wa Salme, nduguye Majid kwa baba, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844.

Nasaba ya Salme yasomeka bila kigugumizi: binti Said bin Sultan bin Ahmad bin Said, na huyo wa mwisho ndiye aliyeasisi dola ya Albusaidi huko Omani. Upande wa mama silsila yakoma kwa Jilfidan, aliyetekwa angali mtoto.

Watetezi husema sheria ilikuwa adilifu, kwani mtoto wa suria akikubaliwa na babaye huwa huru, na hurithi sawa na mtoto wa mke. Ni kweli, wana wa haramu wa wafalme wa Ulaya wangalimwonea kijicho. Lakini heshima hiyo ilikuwa ya mtoto. Mama, ijapokuwa huwa huru bwana wake afapo, hakurudishiwa ukoo aliopokonywa.

Mwaka 1886 Salme, mjane huko Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake. Humo babu yake mzaa mama ametajwa: alikuwa mkulima, akauawa na wavamizi pamoja na mkewe.