Baridi ya Agosti na Kiingilio Kilicholipwa

Likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi wengi wa Machakos huwa na deni la ahadi. Mtoto aliambiwa akijitahidi muhula wa pili atapelekwa kuogelea. Amejitahidi, na mtoto hasahau. Naandika haya kwa ajili ya familia moja ya hapa mjini iliyokaribia kumzika mwanawe katika kulipa deni la namna hiyo. Wamekubali niyaeleze, mradi majina niyaache. Tusiwacheke, kwa maana kosa lao linabisha hodi mlangoni kwangu na kwako pia.

Walikuwa wanne: baba, mama, binti aliye sekondari na kitinda mimba wa miaka sita. Waliamua kwenda upande wa Athi River, penye bustani ya maji iliyo na mitelezo mirefu na madimbwi ya watoto. Baba alilipa kiingilio kwa simu jana yake ili asubuhi wasipange foleni. Ujumbe wa malipo ulisema wazi kwamba pesa hazirudishwi. Hapo ndipo mtego ulipotegwa, ingawa hakuna aliyeuona.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili za siku hiyo zilikuwa nyingi, nami nataka tuzipitie moja moja.

Ya kwanza ilitoka redioni. Wakinywa chai, mtangazaji alisoma utabiri: mawingu mazito mchana kutwa na baridi kali katika nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa. Baba alisikia, akasema watu wa hali ya hewa hukosea. Ya pili ilikuwa milima ya Iveti, ambayo hadi saa nne asubuhi ilikuwa imejifunika ukungu. Ya tatu ilikuwa nyanya ya watoto. Alipoona taulo zinapakiwa, aliuliza, "Mwaenda kuoga maji gani leo, na kuku wenyewe hawajatoka bandani?" Walimcheka kwa upendo, wakamuaga.

Walipofika, dalili ziliongezeka. Wahudumu wa langoni walikuwa wamevaa makoti. Mwokoaji alikuwa amejikunyata kitini, kofia ya sufu masikioni. Familia nyingine zilikuwepo, lakini zote zilikuwa mezani zikila nyama choma, na majini hamkuwa na mtu. Baba alichovya mkono dimbwini akautoa haraka. Mama akamwambia polepole, "Baba watoto, si tule tu, turudi nyumbani?" Akajibiwa, "Na pesa zote hizo? Tumeshalipa."

Watoto wakaingia. Baada ya muda mfupi midomo ya mdogo ilibadilika rangi na meno yakaanza kugongana. Alitolewa, akapewa chipsi ajipashe joto. Hakuweza kuzishika. Kila akiokota moja ilimponyoka, vidole vimekakamaa kama vijiti. Wote wakacheka, naye akacheka. Kisha akaomba kurudi kwenye mtelezo, na kwa kuwa alikuwa ameacha kutetemeka, wakadhani amezoea.

Aliteleza, akatumbukia, na miguu ikagoma. Maji hayakumzidi kimo sana, lakini mtu asiye na nguvu za kupiga teke huzama hata penye kina kifupi. Hakupiga kelele. Dada yake ndiye aliyeona kichwa hakiibuki, akapiga ukemi, na yule mwokoaji mwenye kofia ya sufu akaruka na nguo zake zote. Mtoto alikuwa amekunywa maji. Alilala hospitalini chini ya uangalizi, na leo yu mzima, tunamshukuru Mungu.

Sasa tujiulize tulichokuwa hatukijui. Machakos tunaizoea kwa jua na ukame, tukasahau kwamba mji wenyewe uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki hubeba hewa baridi yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo ikipanda nyanda zetu hufanya mawingu yanayoweza kuziba jua siku nzima. Kila mwaka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutangaza msimu huu, na huonya kwamba katika nyanda za juu joto la mchana laweza kushuka chini ya nyuzi 20. Agosti ni mkia wa msimu huo, lakini bado ni sehemu yake.

Maji nayo yana tabia yake. Huupokonya mwili joto upesi takriban mara 25 kuliko hewa yenye baridi ileile. Dimbwi lisilopashwa moto hupoa usiku na huchelewa kupata joto, kwa hiyo jua la saa nane linaweza kukudanganya ukiwa nje ilhali maji bado ni ya alfajiri. Mabwawa ya mashindano ya kimataifa huwekwa kati ya nyuzi 25 na 28, na humo huogelea watu wenye misuli wasiosimama hata kidogo. Mtoto mdogo ana mwili mdogo na ngozi nyingi kwa uzani wake, hivyo hupoteza joto upesi kuliko mzazi anayemtazama kutoka kitini.

Kutetemeka ni mwili kujitetea. Vidole vikishindwa kushika kitu, baridi imeshafika kwenye misuli. Mtoto akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, akalegea, akasinzia au akazungumza ovyo, hapo si kuzoea. Ni hatari, na safari ni ya hospitali. Mtoe majini, mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike mwili na kichwa kwa leso au blanketi kavu. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe chai ya uvuguvugu yenye sukari. Kwa mwenye pumu, usingoje hata dalili hizo, kwa maana hewa baridi peke yake huweza kumbana kifua.

Tabia ya kuendelea kwa kuwa tumeshalipa au tumeshafika haiko kwenye madimbwi tu. Korongo la Ol Njorowa huko Hell's Gate, Naivasha, lilikumbwa na mafuriko ya ghafla Aprili 2012, yakaua vijana saba wa kikundi cha kanisa waliokuwa matembezini. Septemba 2019 mafuriko yakarudi palepale, na watu saba wengine wakafa. Mvua ya milimani hushuka korongoni hata kama juu ya kichwa chako haijanyesha. Sisemi waliofariki walikuwa wazembe, kwani yeyote kati yetu angeweza kuwa nao. Nasema tu kwamba likizo haibadilishi hali ya anga, na gharama ya safari haimpunguzii mtu hatari.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusilipe mapema wakati wa baridi. Tulipie langoni, baada ya kuona anga na kugusa maji. Pili, tupige simu tuulize: je, maji yanapashwa moto? Jibu likiwa hapana, na mawingu yametanda, tubadilishe mpango. Machakos haikosi mahali pa kumfurahisha mtoto akiwa amevaa sweta: kuna Bustani ya Watu iliyofunguliwa mwaka 2014, kuna vilima vya Mua na Iveti vya kupanda. Tatu, ahadi ya kuogelea isogezwe hadi likizo ya Desemba, siku mvua zinapotulia. Mtoto akielezwa sababu huelewa kuliko tunavyodhani. Nne, tukishafika na dalili zikatokea, mmoja wetu apewe mamlaka ya kusema "tunaondoka" bila kubishiwa. Katika familia ile mama alikuwa ameshayaona yote. Alichokosa ni kusikilizwa.

Mzazi mwenzangu, pesa ya kiingilio ikishatoka mfukoni imeondoka, uogelee usiogelee. Usimtume mtoto akaifuate majini. Kabla ya kufunga taulo Agosti hii, sikiliza utabiri, itazame milima, na nyanya akiuliza jambo, mjibu kwanza ndipo utoke.