Asiyetaka na Asiyepata

Liko neno moja ambalo sisi tukaao vijijini twalisema upesi mno tukiwataja ndugu zetu wa mjini, nalo ni neno "mvivu." Kijana ameshuka kutoka miteremko ya Meru, amekwenda Arusha, amepanga chumba kimoja Kaloleni pamoja na wenzake wawili, na baada ya mwaka mzima hajaleta kitu nyumbani. Basi husemwa kwamba ni mvivu. Na wengine huongeza kwamba ni mhuni. Baba yake akiombwa debe la mahindi hujibu kwamba mtu asiyefanya kazi hana haki ya kula. Ndugu wasomaji, nataka tulichunguze jawabu hilo, maana laweza kuwa la haki, tena laweza kuwa dhuluma kubwa, na lililo kati ya haki na dhuluma hiyo ni neno dogo tu.

Wengi hudhani kwamba hapo wamemfuata Mtume Paulo. Lakini yeye alipowaandikia Wathesalonike hakumtaja mtu aliyekosa kazi. Alimtaja mtu asiyetaka kuifanya. Shauri lake lahusu nia ya mtu, si bahati yake. Hata mbali na Kanisa neno lile limetumiwa, na ni ajabu kuona lilivyogeuzwa huko: katiba ya Urusi ya mwaka 1936 ililiandika kuwa sheria ya nchi, ila neno la "kutaka" likaondolewa, akabaki mtu asiyefanya kazi tu. Watu wa serikali ile hawakumpenda Mtume, wala sisi hatukuwapenda wao, lakini katika kuliacha neno lile tunafanana nao sana.

Wazee wetu walikuwa waangalifu kuliko sisi. Walisema mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Twaitaja mithali hii mara kwa mara kwa kusudi la kumfukuza mtu, nayo haisemi habari ya kumfukuza hata kidogo. Yasema apewe jembe. Maana yake mwenye nyumba anadaiwa vitu viwili kabla hajamlaumu mgeni: awe na jembe la kumpa, tena awe na shamba la kumwonyesha. Aliyepewa jembe akalilaza chini, huyo ametajwa vema kuwa mvivu. Bali aliyengoja jembe mpaka siku ya mia, naye hajapewa, tutamwita nani?

Sasa tujiulize sisi wenyewe kama tulikuwa na shamba la kumwonyesha. Kila mtu wa Meru ajua habari ya ardhi yake. Tangu zama za Wadachi, na baadaye za Waingereza, nchi iliyo chini ya vijiji vyetu ilitolewa kwa masetla, hata Wameru na Waarusha wakazungukwa na mashamba ya watu wengine kama ng'ombe ndani ya boma. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kulipeleka shauri lile mbele ya Umoja wa Mataifa. Tangu siku zile watu wameongezeka sana, na mlima haukuongezeka. Shamba la migomba na kahawa lililomtosha babu limegawanywa kwa wanawe, kisha kwa wajukuu, na yule mwana wa nne au wa tano amepewa kijisehemu kisichotosha nyumba na choo chake. Huyo ndiye aliyeshuka Kaloleni. Hakulikimbia jembe, jembe lilikwisha kabla ya zamu yake.

Basi amefika mjini, naye afanya nini? Hapa yafaa tuyaangalie maneno ya lugha yetu wenyewe, kwa kuwa yana hekima iliyojificha. "Mshahara" ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni mwezi: ni malipo ya mtu mwenye hakika ya mwezi mzima. "Kibarua" ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili aonyeshe kwamba siku ile alifanya kazi. Katika mashamba ya wazungu palikuwa na kipande pia, kadi ya siku 30, iliyotiwa alama kila siku ya kazi. Mwenye mshahara alimiliki mwezi, na mwenye kibarua alimiliki siku moja. Leo vijana wetu wengi wa Kaloleni hawana mwezi wala hicho kikaratasi. Wachukua mizigo sokoni, wafua nguo za watu, wachanganya zege, waendesha pikipiki isiyo yao na jioni kumpelekea mwenyewe fedha yake kwanza. Ukimwuliza mmoja wao, naye ametoka jasho tangu alfajiri, atakujibu, "Sina kazi, mwalimu, nabangaiza tu." Ajinyima jina la mfanya kazi kwa sababu hana mwezi, nasi twalichukua neno lake kuwa ushahidi juu yake!

Wenye kuhesabu mambo ya kazi wana kipimo kingine kilicho kinyume cha hicho. Kwa kipimo cha mataifa, mtu aliyefanya kazi ya kulipwa hata kwa saa moja katika siku saba huandikwa kuwa anayo kazi. Basi kijana yule yule kwa kauli yake hana kazi, na katika daftari anayo, na mezani pake hakuna chakula. Hapo twaona kwamba kazi na riziki si kitu kimoja. Mwaka 2017/18 Serikali ilifanya uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya, ikaona kwamba mtu mzima alihitaji shilingi 49,320 kwa mwezi apate mahitaji ya lazima, na kwamba watu 26.4 katika kila 100 wa Tanzania Bara hawakufikia kiasi hicho. Tuseme sasa kibarua mmoja alipata shilingi 10,000 kwa kutwa, naye akapata kazi siku mbili katika juma. Kwa majuma manne ni shilingi 80,000. Yeye na mkewe peke yao walihitaji 98,640, na mtoto hatujamhesabu bado. Tena mjini maji yanunuliwa, mkaa wanunuliwa, na chumba kina kodi. Hakuna ndizi ya kukata nyuma ya nyumba. Mithali yasema mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichumia juani, na jioni hana cha kulia popote.

Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba umaskini wa vijijini ulizidi ule wa mjini, 31.3 kwa 15.8 katika kila mia. Nalitaja jambo hilo ili mtu asidhani kwamba nataka kumfanya mkulima kuwa tajiri mchoyo. Baba aliyenyima debe la mahindi huenda alikuwa na madebe matatu tu. Anayo haki ya kusema, "Sina." Hana haki ya kusema, "Wewe ni mvivu," iwapo ukweli ni kwamba hana.

Na kama yuko mtu ashikaye ya kwamba umaskini wa mjini watoka katika uvivu, na ayafikiri mambo ya mwaka 2020. Arusha huishi kwa wageni waendao mbugani na mlimani. Mwaka 2019 walifika Tanzania watalii 1,527,230; mwaka uliofuata, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, walifika 620,867. Madereva, wapishi, wapagazi wa Meru na Kilimanjaro, wafagiaji wa hoteli, na akina mama waliowapikia hao wote, walikaa nyumbani. Je, uvivu uliingia mjini kwa ndege mwezi wa Machi? Watu walikuwa wale wale, mikono ni ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalikumbuki, nalo lahusu Kaloleni yenyewe. Katika kata hiyo, karibu na Mnara wa Mwenge, imo nyumba ya makumbusho ya Azimio la Arusha. Zamani ilikuwa ukumbi wa jamii, na ndimo walimokutana wajumbe wa Halmashauri Kuu ya TANU mwezi wa Januari 1967. Azimio lilikuwa kali juu ya wavivu. Lilitaka kila awezaye kufanya kazi aifanye, asiishi kwa jasho la mwenziwe. Lakini walioliandika walitaja watu wanaosamehewa, nao ni watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na kundi la nne: wale ambao dola kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia kazi. Mtu aweza kulipenda Azimio au asilipende, na mengi yaliyofanywa kwa jina lake yalikwenda upogo. Walakini kumweka asiyepata kazi safu moja na mtoto na kilema lilikuwa tendo la haki. Wala halikutuacha sisi wa vijijini bila kutusema. Lilisema kwamba wanawake wa vijijini wafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, hali wanaume wengi wapumzika. Mwanamume akaaye kilabuni tangu saa sita mchana na kuwahukumu vijana wa Kaloleni, na aisome sehemu hiyo.

Miaka 16 baadaye kundi lile la nne lilisahauliwa. Kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 watu wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa mijini, hasa Dar es Salaam, wakapelekwa mashambani. Na wengi wakarudi. Wakoloni walikuwa wamefanya vivyo hivyo mbele yao, wakiwaita wahuni, neno ambalo zamani lilimtaja tu mtu asiye na mke wala makao. Kisha Desemba 2018 Serikali ikaanza kuwapa wachuuzi wadogo vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mtu mwenye sinia la karanga kichwani alikuwa mzururaji katika zama moja, na katika zama nyingine akawa mfanya biashara. Karanga hazikubadilika.

Najua nitajibiwa kwamba wavivu wako. Wako, sikatai. Kaloleni wapo vijana wanaolala hata jua limepanda, na wapo wanaoitia katika kamari ya mpira fedha waliyoazima. Ila nawaomba wenye kulaumu waangalie mambo yanavyofuatana. Aliyesimama sokoni tangu alfajiri kwa siku ishirini, na siku kumi na tano akarudi bure, siku ya ishirini na moja huchelewa kuamka. Uvivu wake ni wa kweli, lakini ulikuja nyuma ya kukosa, haukutangulia. Na mtu apitaye njiani hawezi kumjua ni yupi asiyetaka na ni yupi asiyepata, kwa maana wote wawili wameketi juu ya ukuta mmoja.

Njia ya kuwatenga ni moja tu: kuwapa kazi kwa ujira ulio halali. Naye anayetoa ujira usioweza kumlisha mtu amepoteza haki ya kumwita mvivu yule anayeukataa. Hili nalisema hasa kwa ajili ya binti zetu. Kila mwaka, shule zikifungwa, wenye nyumba wa mjini huja vijijini kutafuta msichana wa kazi. Amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani alalaye kwa mwajiri wake, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Wasichana wangapi waliziona hizo 60,000? Mmoja huambiwa kwamba chakula na kitanda ndiyo malipo. Mwingine hulipwa kwa mkono wa baba yake, naye haoni kitu. Akitoroka mwezi wa tatu, pande zote mbili husema kwamba wasichana wa siku hizi hawataki kazi.

Lakini tusiwaze kwamba kila mwajiri ni tajiri. Mwanamke apikaye wali kando ya stendi aliye na msichana wa kuosha vyombo huenda yeye mwenyewe hafikii ile 49,320. Akimlipa msichana ipasavyo, hafiki mwisho wa mwezi. Akimwondoa, wote wawili wanapungukiwa. Nimelifikiri shauri hili mara nyingi, wala sioni kwamba mtu aweza kulikata kwa neno moja. Naona tu kwamba ziko haki ambazo hata maskini aweza kumpa maskini mwenziwe bila kuongeza senti: wapatane malipo kabla ya kazi, si baada yake, fedha ya leo itolewe leo, biashara ikiwa mbaya ahesabu naye mbele ya macho yake, ili msichana ajue kilichoingia na kilichotoka, na siku ile ya kumwachisha amwambie wazi kwamba hana uwezo, asimsingizie uvivu, maana jina hilo litamfuata msichana kwa kila mlango atakaobisha Kaloleni. Na mzazi aliyemtoa binti yake kijijini na achukue karatasi, aandike kiasi walichopatana na tarehe ya kulipa, watie sahihi wote watatu, na karatasi moja ashike binti mwenyewe.