Leseni Iliyokwisha Muda

Ndugu zetu Waislamu, wamo katika madereva wetu wachukuao shehena kutoka Mombasa hadi Kitale, kisha wakateremka Bungoma, ambao leseni zao zimekwisha muda. Waulizwapo hujibu: "Hiyo ni karatasi tu, kuendesha twajua." Na kiooni mwa gari imening'inia hirizi!

Sisi twasema, hirizi hiyo haimfai kitu mbele ya Mungu wala mbele ya askari. Mtume (S.A.W.) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Leseni ni katika kufunga huko. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Mlango wa 403, kifungu cha 30, yakataza kuendesha gari bila ya leseni iliyo hai. Na aichukuaye ametoa ahadi. Sura ya Maida yafunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi.

Ubaya zaidi ni noti ikunjwayo kiganjani penye kizuizi. Mtume amemlaani mtoa rushwa pamoja na mpokeaji. Basi mtu huyu, kwa kuikwepa ada ya mwaka mmoja au mitatu, ambayo siku hizi hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, hujinunulia laana kila safari. Naye akimgonga mwenda kwa miguu pale Kiminini, kampuni ya bima hupata mlango wa kubishana, na mayatima hukaa wakingoja.

Wenye magari nao wasijitoe. Kifungu hicho hicho chawakataza kumwachia usukani asiye na leseni. Kwa hiyo tajiri atoaye ufunguo bila ya kutazama tarehe, twamhesabu kuwa mshirika.