Ujira wa Mchunga

Kazi ya kuchunga mifugo hudharauliwa na watu wengi ambao hawakosi kula nyama yake wala kunywa maziwa yake. Dharau hii ni ya ajabu, maana mchunga hukabidhiwa kiumbe kisichoweza kusema kimetendewaje. Seremala akiharibu mlango, mlango huonekana. Mchunga akimnyima mbuzi maji mchana kutwa, nani atashitaki?

Utazamwe mfano wa Juani, kisiwa cha Mafia chenye magofu ya mji wa kale wa Kua. Ardhi yake ni mwamba wa matumbawe na udongo ni haba. Mbuzi hustahimili mahali kama hapo. Kijana akikabidhiwa mbuzi watano na mwenye mali aliyehamia Dar es Salaam, mapatano huweza kuwa ya namna mbili: ama alipwe kwa mwezi, ama agawiwe uzao.

Wanaosifu kugawana uzao husema kuwa humfanya mchunga ampende mnyama kama wake. Ni kweli nusu. Mbuzi akizaa, kijana asiye na shamba wala mashua amepata mtaji. Walakini sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008, ikiingia zizini, mwenye mali hupoteza sehemu ya mali yake, na mchunga hupoteza mwaka mzima wa jasho. Kumtwisha maskini hasara ya ugonjwa ambao chanjo yake hana uwezo wa kuinunua, kisha kuiita hasara hiyo majaaliwa, ni dhuluma iliyovikwa kanzu.

Ujira wa mwezi nao una ila yake: hulipwa mbuzi akinenepa na hulipwa akikonda. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hukataza kumtesa mnyama, lakini askari halali zizini. Hapo pana dhamiri peke yake, na dhamiri yenye njaa huchoka upesi.

Katika pwani ya mashariki ya Juani kasa hutaga mayai, na wako wanakijiji walindao viota. Wageni hutoa fedha kuwaona makinda wakienda baharini. Kasa hana mwenyewe, naye mlinzi wake ana heshima. Mbuzi ana mwenyewe, na mlinzi wake huitwa mtu asiye na kazi! Tofauti haimo katika ustadi. Imo katika nani ameamua kulipa.

Vyuo vya mifugo, kama vya Mpwapwa, Tengeru na Buhuri, hutoa vyeti, na cheti hufungua mlango wa ajira. Kijana ajuaye kwa kumtazama tu mbuzi aliyejitenga na wenzake kuwa ni mgonjwa hana karatasi ya kuonyesha. Kumwambia aende chuoni ni shauri jema. Lakini nani atachunga huko nyuma, na kwa mapatano gani? Mwenye mali apigapo simu jioni huuliza mbuzi wako wangapi. Bado hajauliza kama kijana amekula.