Huruma kwa Kiumbe Asiyelipa

Yapo maswali ambayo watu huyadharau kwa kuwa yameletwa na kiumbe mdogo. Mojawapo ni hili: Je, ni haki mtu akeshe usiku kwa ajili ya watoto wa paka waliofiwa na mama yao, ilhali duniani wamejaa watoto wa watu wasio na mama?

Kazi yenyewe si ya mzaha. Mtoto wa paka azaliwapo huwa na uzito wa gramu 100 hivi. Haoni, hasikii, wala mwili wake hauwezi kujitia joto. Katika juma la kwanza hana budi kunyonyeshwa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Hata haja hawezi kwenda mpaka apanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, badala ya ulimi wa mama yake. Katika nchi nyingi vyama vya kuokoa wanyama huwakabidhi watu wa kujitolea yatima hao, wawalee majumbani mwao. Baadhi hufa hata mikononi mwa mlezi hodari. Wahenga hawakukosea waliposema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Hapa twajifunza kwamba huruma bila ya maarifa huweza kuua. Mtu mwema humwokota mtoto wa paka akamnywesha maziwa ya ng'ombe. Maziwa hayo humharisha, na kuhara humkausha maji hata afe. Mwingine humlaza chali amnyweshe, maziwa yakaingia mapafuni. Mwingine humlisha angali baridi, kumbe sharti apashwe joto kwanza, kwa maana tumbo la kiumbe aliyepoa halisagi chakula. Mwingine tena huwachukua watoto ambao mama yao ametoka kutafuta riziki tu, akawafanya yatima kwa mikono yake mwenyewe. Nia za wote hao ni njema, lakini anayekufa haponywi na nia.

Sasa tulijibu swali letu. Watu husema, "Kwanza mwanadamu, kisha mnyama." Nakubali. Ikiwa blanketi ni moja, na baridi imewapata mtoto wa mtu na mtoto wa paka, mwenye akili hasiti. Lakini ni mara chache maisha hututaka tuchague hivyo. Aghalabu hutuuliza kama tu tayari kuacha usingizi wetu au soga zetu. Amwachaye paka afe mtaroni kwa sababu wapo watoto maskini, na aulizwe ni mtoto yupi aliyemlisha jana. Akiweza kumtaja, ana udhuru. Asipoweza, amemtumia yatima mmoja kumnyima mwingine, na wote wawili wamelala na njaa.

Waislamu husimuliana habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie chakula. Habari hiyo haielezi mwanamke yule aliishije na jirani zake. Kosa lile pekee lilitosha, kwa kuwa aliyekuwa chini ya mkono wake hakuwa na njia nyingine.

Mtihani mkubwa zaidi huja mwisho. Baada ya majuma 8 hivi, paka akisha kushiba, kucheza na kumzoea mlezi wake, hutolewa akakae katika nyumba nyingine. Mlezi hubaki na kikapu kitupu na usingizi wa kulipiza. Tenda wema wende zako, twaambiwa. Methali hii hutajwa aghalabu kumfariji aliyekosa shukrani. Mimi naiona kuwa ni mizani ya kupimia moyo. Wema unaongoja malipo ni biashara. Biashara si dhambi, ila haifai kuitwa huruma.