Ulikuwa Unafanya Nini?

Pengo, kwa asili, ni neno la kinywani: nafasi iliyoachwa na jino. Siku hizi tunalitumia pia kwa miaka ambayo wasifu wa mtu hauonyeshi mwajiri yeyote. Anayetaka kurudi kazini baada ya miaka hiyo lazima aieleze, na swali huwa lilelile: "Muda wote huo ulikuwa unafanya nini?"

Shangazi yangu ni muuguzi. Aliacha kazi mwaka 1999 bibi alipopata kiharusi, akaanza kuomba ajira tena mwaka 2008, baada ya kumzika. Kwenye usaili akaulizwa swali hilo. Alijibu, "Nilikuwa nauguza." Wasaili wakacheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha wodini na kingine cha nyumbani. Kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumlisha, kumwosha: kote ni kuuguza. Kilichokoma mwaka 1999 ni mshahara.

Najua jibu ambalo washauri wa ajira wangempa leo: sema miaka hiyo ilikufundisha uvumilivu, kupanga muda, kufanya maamuzi magumu. Huenda jibu hilo likampatia mtu kazi, lakini linanisumbua. Linakubali kimyakimya kwamba kumtunza mama kuna thamani pale tu kunapomfaa mwajiri. Kama shangazi asingejifunza lolote jipya kitandani pa bibi, je, miaka ile ingekuwa ya bure?

Hata hivyo, mgonjwa naye ana haki yake. Shangazi alipoacha kazi, malaria ilitibiwa kwa klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania Bara ikahamia SP, na kufikia 2007 ilikuwa imeshahamia dawa mseto, ALu. Dawa ilibadilika mara mbili yeye akiwa nyumbani. Mgonjwa hapaswi kutibiwa kwa ujuzi wa 1999 kwa sababu tu muuguzi wake alikuwa mtoto mwema kwa mama yake. Wema haumfundishi mtu dozi mpya.

Nadhani tunachanganya maswali mawili. "Leo unajua nini?" ni swali la haki, na dawa yake inajulikana: mafunzo, mtihani, miezi michache chini ya msimamizi. "Ulikuwa na thamani gani wakati hukuwa na mwajiri?" si swali la mwajiri kabisa. La kwanza linapima ujuzi, na ujuzi hunolewa. La pili linampima mtu.

Hata sheria imewahi kulitazama jambo hili kwa jicho moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ilipotungwa, ilimpa mfanyakazi siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mzazi. Kwa upande wa ugonjwa, ilimtaja mtoto tu. Ruhusa ya kumzika mama iliandikwa; ya kumuuguza haikuandikwa.

Wengi wetu tuna wazazi wanaoelekea uzeeni, na baadhi yetu tutakaa kwenye meza ya usaili, upande huu au ule. Tukiwa upande wa kuuliza, tuulize swali la kwanza, tutoe mafunzo, tuishie hapo. Tukiwa upande wa kuulizwa, tuseme tu kwamba tulikuwa tunauguza, bila kuorodhesha faida zake.