Tope la Ziwa na Dhamiri Yetu

Wako watu wasemao hivi: "Hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu dunia kuumbwa. Ukame ulikuwako, mafuriko yalikuwako, na mababu zetu hawakuwa na viwanda wala magari. Basi, mbona leo twaambiwa kwamba kosa ni la wanadamu?" Neno hili husemwa mjini na shambani, na pengine hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa. Si neno la kipumbavu. Limo ndani yake jambo la kweli, na kwa sababu hiyo yatupasa kulipima, tusilidharau wala tusilipokee upesi.

Kwanza tukubali lililo kweli. Elimu ya kusoma habari za kale katika matabaka ya ardhi si mgeni nyumbani mwetu. Mmoja wa walioiwekea msingi ni Niels Stensen, mtu wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1638. Aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, akapata upadre, na mwisho akawa Askofu. Katika kitabu chake cha mwaka 1669 alieleza jambo jepesi lenye matunda makubwa: mchanga na matope vikilala tabaka juu ya tabaka, lile la chini ndilo lililotangulia. Mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Basi Mkristo asishtuke asikiapo habari za maelfu ya miaka. Ukweli hauwezi kugombana na Mungu aliye asili ya ukweli wote.

Kwa kanuni hiyo wataalamu wamelisoma Ziwa Viktoria. Huteremsha mabomba marefu hadi chini ya maji, wakapandisha nguzo nyembamba ya tope, kisha huichunguza kipande kwa kipande, wakitafuta chavua ya maua ya kale na mabaki ya viumbe vidogo vya majini. Chini ya tope hilo walikuta udongo wa nchi kavu, wenye alama za mizizi ya majani. Maana yake ni kwamba yapata miaka 17,000 iliyopita ziwa hili, ambalo leo lina eneo la kilometa za mraba zaidi ya 68,000, lilikuwa limekauka. Hapo wanapotupa nyavu wavuvi wa Mwanza na Kisumu, zamani palikuwa mbuga. Kadhalika mwaka 2000 wataalamu walitoboa barafu ya Kilimanjaro, wakakuta ndani yake safu ya vumbi, ushahidi wa ukame mkali uliotokea yapata miaka 4,000 iliyopita.

Ni kweli, basi, kwamba mabadiliko makubwa yalitokea bila mkono wa mtu. Lakini je, yafuata kwamba mkono wa mtu hauna hatia leo? Radi imekuwa ikichoma nyumba tangu zamani. Je, mtu aliyetia kiberiti paa la jirani yake ataachiliwa na hakimu kwa kusema kwamba nyumba ziliungua hata kabla viberiti havijakuwako? Hakimu mwenye akili atauliza swali moja tu: moto huu ulianzaje?

Hapo ndipo elimu ileile ya mambo ya kale inapotoa ushahidi wake. Katika barafu ya Antaktika vimo viputo vya hewa ya zamani, vilivyofungwa tangu theluji ilipoanguka. Wataalamu wamevipima kurudi nyuma miaka 800,000. Muda huo wote, hewa ya ukaa ilipanda na kushuka, lakini haikuzidi kwa kiasi cha kuonekana sehemu 300 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo imepita sehemu 420. Ongezeko hilo limetokea tangu viwanda vilipoanza, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kufyeka misitu. Alama za kiberiti zaonekana.

Mtu atauliza tena: "Mbona walitabiri kwamba barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020, na bado iko?" Ni kweli, walikosea mwaka. Lakini sehemu kubwa ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha, na iliyobaki yazidi kupungua. Aliyekosea siku ya kufika mgeni hakukosea kusema kwamba mgeni yu njiani.

Sasa, hatia hii ni ya nani? Kanisa hufundisha kwamba mtu huhukumiwa kwa kadiri ya alivyojua na alivyokubali. Hatuwezi kumtwika mama anayelima nusu eka ya mtama mzigo sawa na wa mataifa yaliyotajirika kwa moshi wa viwanda. Kufanya hivyo kungekuwa dhuluma juu ya dhuluma. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Mataifa tajiri yana deni, na kulidai ni haki, si kuomba sadaka.

Lakini anayedai haki naye aje na mikono safi. Tukichoma msitu wa chanzo cha mto ili tupate magunia machache ya mkaa, wajukuu wetu watamdai nani? Tena tusijifiche nyuma ya maneno "shauri la Mungu." Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kusali kuomba mvua ni wajibu mwema, lakini anayesali asubuhi na kukata miti ya chemchemi jioni ajiulize anamwomba nani.

Watu wa nyakati zile za ukame waliweza kuhama, maana walikuwa wachache na nchi ilikuwa wazi. Leo makumi ya mamilioni ya watu hulitegemea Ziwa Viktoria, wenye mashamba, shule, makanisa na makaburi ya wazee wao. Hao watahamia wapi?

Basi, wazazi, msiwafiche watoto habari hizi za kale. Waambieni kwamba ziwa liliwahi kukauka, wajue kwamba neema hii si ya kuchezewa. Na chemchemi ya kijiji chenu, msingoje serikali wala wageni waje kuizungushia miti. Ipandeni ninyi.